Mkataba Mmoja, Viongozi Watano: Kisa cha Wanachama wa Sunterra na Diamond Resorts

Tumchukue mwanachama mmoja wa mfano, asiye na jina, kwa kuwa yaliyomfika yamewafika maelfu. Mwaka 1999 alihudhuria kikao cha mauzo katika hoteli ya mapumziko nchini Marekani, akanunua haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika nyumba iliyo karibu na bahari, akatia saini, akachukua hati yake na kuiweka kabatini. Hati hiyo ipo hadi leo na haijafutwa hata mstari mmoja. Lakini barua ya ada inayomfikia kila mwaka imekuwa ikija na kichwa kipya: kwanza Sunterra, kisha Diamond Resorts, na sasa Hilton Grand Vacations. Nyuma ya majina hayo matatu zimepita awamu tano za uongozi, na kila awamu ilikuwa na hesabu zake, wakopeshaji wake na jibu lake kwa swali la kwamba mwanachama ni nani: mwenye mali, mgeni wa hoteli, au mteja wa kuuziwa tena.

Uchambuzi huu unauliza ni nini hasa kilichobadilika kwa mtu huyo kila usukani ulipokabidhiwa. Jibu langu ni kwamba mkataba wake kwa kawaida uliheshimiwa, na kwamba hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa sababu mambo yanayoamua kama likizo yake ni baraka au mzigo hayamo ndani ya mkataba. Kiasi cha ada ya mwaka, kanuni za kuhifadhi nafasi, njia ya kujitoa, gharama ya kuingia katika huduma mpya, vyote hivyo viliachwa mikononi mwa atakayekuwa anaongoza, na mwanachama hakuulizwa aongozwe na nani.

Kwa wasioufahamu mfumo wenyewe, umiliki wa zamu, au taimushea kama wengi wanavyotamka, ulianza kwa wazo rahisi. Nyumba moja ya mapumziko hugawanywa kwa wiki za mwaka, na kila wiki huuzwa kwa mtu wake. Baadaye kampuni nyingi ziliacha kuuza wiki na kuanza kuuza pointi: majengo huwekwa chini ya amana, mwanachama hununua idadi fulani ya pointi, na kila mwaka huzitumia kama sarafu kupata usiku kadhaa katika majengo yoyote yaliyomo kwenye mfuko huo. Juu ya bei ya kununua, ambayo watu wengi huilipa kwa mkopo uliotolewa na muuzaji mwenyewe, kuna ada ya matunzo inayolipwa kila mwaka, mtu asafiri au asisafiri. Ada hiyo hukusanywa na chama cha wamiliki, na chama huajiri kampuni ya kuendesha majengo. Mara nyingi kampuni hiyo ni ileile iliyouza.

Hapa panahitaji utulivu kidogo, kwa maana ndipo penye kiini cha mambo. Katika taarifa zake kwa wawekezaji, Diamond Resorts ilieleza kuwa mikataba yake ya uendeshaji ililipwa kwa msingi wa gharama pamoja na nyongeza, na nyongeza hiyo kwa kawaida ilikuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya gharama za kuendesha majengo. Wawekezaji waliupenda mpangilio huo kwa kuwa uliwapa mapato ya uhakika. Ukiutazama kutoka upande wa mwanachama, maana yake ni kwamba anayesimamia matumizi hupata zaidi matumizi yanapoongezeka. Sisemi kwamba kila paa lililokarabatiwa lilikarabatiwa kwa tamaa, kwani majengo ya pwani huliwa na chumvi na kila aliyeishi Mombasa au Tanga anajua hilo. Nasema kwamba breki pekee ya mfumo wa namna hiyo ni bodi ya chama cha wamiliki, na kwa hiyo ni lazima tujue bodi hiyo inachaguliwaje.

Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea ushirika wa akiba na mikopo, ambamo mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache wote wana kura moja moja. Katika umiliki wa zamu kura hufuata wiki au pointi. Kampuni iliyobaki na pointi ambazo hazijauzwa, pamoja na zile ilizozichukua kutoka kwa walioshindwa kulipa, ina kura zote za pointi hizo. Diamond ilikuwa na makubaliano na vyama vingi kwamba itachukua wiki na pointi za wadaiwa sugu, ibebe ada zao, kisha iziuze upya. Njia hiyo iliipatia bidhaa kwa bei nafuu, ikavisaidia vyama visibaki na mapengo katika bajeti, na papo hapo ikaiongezea nguvu ya kura. Wafanyakazi wake walikaa kwenye bodi za vyama vingi. Mwanachama mmoja mmoja, aliyetawanyika kutoka Ohio hadi Ontario na asiyejua majina wala anwani za wenzake, hana namna ya kushindana na kundi la kura lililo katika mkono mmoja. Kwa hiyo uongozi wa kampuni unapobadilika, uongozi wa chama nao umebadilika, hata kama hakuna uchaguzi uliofanyika.

Awamu ya kwanza ya mwanachama wetu ilikuwa fupi. Sunterra ilikuwa kampuni kubwa ya umiliki wa zamu iliyokua kwa kununua kampuni nyingine kwa kasi katika miaka ya 1990, na ilianzisha klabu ya pointi ambayo wenye wiki zao walihimizwa kujiunga nayo kwa malipo. Mapema mwaka 2000 ilibainika kuwa sehemu ya mikopo iliyowapa wanunuzi haitalipwa, bei ya hisa ikaporomoka, na tarehe 31 Mei mwaka huo kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Ilikaa humo hadi Julai 2002.

Mtu angetarajia kuwa wakati huo wageni walifungiwa milango. Haikuwa hivyo, na sababu yake ni somo zuri la jinsi mfumo ulivyojengwa: fedha za matunzo zilikuwa za vyama vya wamiliki, wala hazikuwa mali ya kampuni iliyokuwa ikidaiwa, hivyo umeme uliendelea kulipwa na mashuka kufuliwa. Wiki yenye hati ilibaki wiki. Kilichotikisika ni vitu vilivyoning'inia kwenye kampuni yenyewe: ahadi za wauzaji, matumaini ya kuuza tena, na thamani ya klabu ya kubadilishana majengo. Wakati wa msukosuko wa mwenye kampuni, aliyekuwa na haki iliyoandikwa kwenye jengo mahususi alikuwa na kitu kigumu cha kushika kuliko aliyekuwa na ahadi ya huduma.

Awamu ya pili iliongozwa na Nicholas Benson, aliyeitoa kampuni mahakamani na kuhamishia makao yake Las Vegas. Mwaka 2006 aliyekuwa mfanyakazi wa tawi la Ulaya alitoa madai kuhusu kodi ambazo hazikulipwa nchini Hispania, uchunguzi ukafanyika, Benson akaondolewa, na hisa za kampuni zikatolewa kwenye soko la Nasdaq. Kwa mwanachama haya yote yalikuwa habari za mbali, lakini yalikuwa na matokeo ya karibu, kwa sababu kampuni isiyoweza kutoa hesabu zake kwa wakati ni kampuni inayotafuta mnunuzi.

Mnunuzi alipatikana Aprili 2007, na awamu ya tatu ikaanza. Stephen Cloobeck, aliyejulikana kwa jengo la Polo Towers katika barabara kuu ya Las Vegas, aliinunua Sunterra kwa dola 16 kwa hisa, jumla ya takriban dola milioni 700, na kuipa jina la Diamond Resorts. Huyu alikuwa kiongozi wa aina nyingine kabisa. Alipenda kuonekana na alihubiri ukarimu, akiwafundisha wafanyakazi falsafa aliyoiita maana ya neno ndiyo. Mwaka 2012 alijitokeza katika kipindi cha televisheni akiwa amebadilisha sura na kufanya kazi miongoni mwa wafanyakazi wake wa chini. Wapo wanachama walionufaika na msimamo huo wa huduma, na uchambuzi wa haki lazima useme hivyo. Lakini bili ya uboreshaji ilikuwa na mlipaji.

Kisa kinachoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi kilitokea Kauai, mojawapo ya visiwa vya Hawaii, katika majengo yaitwayo The Point at Poipu. Majengo hayo yalikuwa yakiingiza maji kwenye kuta. Mwishoni mwa mwaka 2011 bodi iliwatoza wamiliki mchango maalumu wa jumla ya dola milioni 65.8 kwa ajili ya matengenezo, uliopangwa kulipwa kwa awamu za miaka kadhaa. Kwa mwenye wiki moja mchango huo ulikuwa maelfu ya dola, juu ya ada yake ya kawaida, kwa ajili ya mali ambayo huenda asingeweza kuiuza hata kwa kiasi hicho. Baadhi yao walitaka kuwasiliana na wamiliki wenzao ili wajipange, na orodha ya majina yenyewe ikawa jambo la kugombewa. Kesi ya pamoja ilifunguliwa, nayo ikaishia kwa makubaliano.

Kuta zilikuwa mbovu kweli. Hilo halikuwa la kubuni. Swali lililowauma wamiliki lilikuwa la nani aliamua, lini, na kwa mizania ya maslahi ya nani. Je, mchango ungekuwa uleule kama bodi ingekuwa ya wamiliki watupu? Je, matengenezo yangegawanywa kwa miaka mingi zaidi? Mwanachama aliyenunua zamani, chini ya uongozi mwingine, hakuwa amekubali kasi hiyo ya uwekezaji, lakini hati yake ilisema kwamba atalipa michango itakayopitishwa na bodi. Mstari huo mmoja, ambao siku ya kusaini huenda ulisomwa kwa sekunde tatu, ulikuwa na uzito kuliko kurasa zote za picha za bahari.

Chini ya Cloobeck kampuni ilikua kwa kununua wengine: ILX ya Arizona mwaka 2010, Tempus ya Florida mwaka 2011, Pacific Monarch ya California mwaka 2012, Island One mwaka 2013, Gold Key ya Virginia mwaka 2015, na klabu ya Intrawest mwanzoni mwa 2016. Tatu za kwanza zilitoka kwenye ufilisi. Kila ununuzi ulimaanisha kundi jipya la watu kuamka asubuhi wakiwa na msimamizi mwingine, na kila kundi lilikuja na pointi zake, mfuko wake na kanuni zake, kiasi kwamba ndani ya kampuni moja kulikuwa na wanachama wa tabaka mbalimbali. Kutoka tabaka la chini kwenda la juu kulikuwa na njia moja iliyofunguliwa daima, yaani kununua zaidi.

Julai 2013 hisa za Diamond ziliuzwa kwa umma katika soko la New York kwa dola 14 kila moja. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2016, mfuko wa uwekezaji wa Apollo ulikamilisha kuinunua kampuni yote kwa dola 30.25 kwa hisa, takriban dola bilioni 2.2. Naomba msomaji azitazame tarakimu hizo mbili pamoja. Mwenye hisa aliyeshika tangu siku ya kwanza alipata zaidi ya mara mbili ya fedha zake. Mwanachama aliyenunua pointi katika mwaka uleule wa 2013 alikuwa na bidhaa ambayo katika soko la mkono wa pili haina bei ya maana. Wiki na pointi za aina hii huwekwa sokoni kwa dola moja na bado hukosa mtu wa kuzichukua, kwa kuwa anayezichukua hubeba na ada. Wote wawili waliitwa wamiliki. Fedha za mmoja ndizo zilizojenga thamani ya mwenzake.

Mauzo hayo ya 2016 ndiyo yaliyomwondoa Cloobeck, na mtendaji mkuu David Palmer naye akaondoka muda mfupi baadaye. Michael Flaskey, aliyetoka upande wa mauzo na masoko, akashika nafasi, na hiyo ikawa awamu ya nne. Kuondoka kwa mwanzilishi kulikuja katika mwaka mgumu: Januari gazeti la New York Times lilikuwa limechapisha habari kali kuhusu mbinu za wauzaji wa kampuni, na Desemba Mwanasheria Mkuu wa Arizona alifikia makubaliano na Diamond yaliyoitaka ilipe dola 800,000, ambazo 650,000 kati yake zilikuwa za kuwafidia wateja. Malalamiko yalihusu yale ambayo wauzaji waliyasema kwa mdomo, yakiwemo maneno kuhusu kupanda kwa ada na uwezekano wa kuuza au kukodisha pointi.

Hapa mabadiliko ya uongozi yalikuwa na sura mbili, na sipendi kuficha mojawapo. Uongozi mpya ulitangaza mpango ulioitwa Clarity wenye viwango vya jinsi wauzaji wanavyopaswa kueleza bidhaa, na mpango wa Transitions uliowapa wanachama waliomaliza mikopo yao nafasi ya kuirudishia kampuni pointi zao na kuondokana na ada. Kwa mzee wa miaka 80 asiyeweza tena kusafiri, huo ulikuwa mlango uliokuwa haupo kwa uwazi huo hapo awali. Upande wa pili, mlango huo ulikuwa wa kampuni. Haukuwa haki iliyoandikwa kwenye hati ya mtu, na kilichotolewa na uongozi mmoja kwa hiari kinaweza kubadilishwa masharti na uongozi unaofuata kwa hiari hiyohiyo. Anayetegemea mpango wa namna hiyo kama sehemu ya hesabu yake ya uzeeni anajenga juu ya mchanga wa mtu mwingine.

Flaskey alipeleka nguvu pia kwenye burudani: matamasha ya faragha kwa wanachama na mashindano ya gofu yenye wachezaji wa kulipwa na watu mashuhuri. Mfuko wa uwekezaji kama Apollo hununua ili uuze baada ya miaka michache, na kampuni inayong'aa huuzika vizuri. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulifunga majengo, lakini ada haikusubiri. Paa, bima na kodi ya ardhi havijui kama kuna mgeni ndani.

Awamu ya tano ilianza rasmi tarehe 2 Agosti 2021, Hilton Grand Vacations ilipokamilisha kuinunua Diamond kwa hisa zake zenye thamani ya takriban dola bilioni 1.4, pamoja na kubeba madeni yake. Apollo haikuondoka siku hiyo. Ilipokea zaidi ya robo ya hisa za mnunuzi. Mark Wang, aliyekuwa akiiongoza Hilton Grand Vacations tangu ilipojitenga na kampuni mama ya hoteli mwanzoni mwa 2017, sasa alisimamia jumla ya wanachama zaidi ya 700,000. Jambo moja huwakanganya wengi na linafaa kusemwa waziwazi: Hilton Grand Vacations ni kampuni tofauti na Hilton ya hoteli, nayo hutumia jina la Hilton kwa leseni. Mwanachama aliyefurahi kuwa amehamia Hilton alikuwa amehamia kwa mwenye kibali cha kutumia jina hilo.

Jina lenyewe lilianza kubandikwa. Majengo kadhaa ya Diamond yakaitwa Hilton Vacation Club, yakiwemo Polo Towers ya Las Vegas na The Point at Poipu ya Kauai, yaleyale ya kuta zilizovuja. Jina kubwa lina manufaa ya kweli: viwango vya usafi, mfumo wa kuhifadhi nafasi, heshima kidogo unapowaambia watu unakokwenda. Lakini jina kubwa lina masharti ya magodoro, samani, rangi na huduma, na mwanachama makini huuliza ni sehemu gani ya gharama hizo inalipwa na kampuni iliyotaka jina, na ni sehemu gani inaingia kwenye bajeti ya chama na hatimaye kwenye barua yake ya ada. Hesabu ni rahisi na haina huruma. Ada ya dola 1,000 ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka hufika takriban dola 1,629 baada ya miaka 10 na dola 2,653 baada ya miaka 20. Ikipanda kwa asilimia 8, baada ya miaka 20 imefika dola 4,661. Mtu aliyenunua akiwa na miaka 45 na mshahara analipa kiasi hicho cha mwisho akiwa na miaka 65 na pensheni.

Aprili 2022 kampuni ilizindua daraja jipya la uanachama lililoitwa HGV Max, linalomwezesha mtu kutumia pointi zake katika majengo ya pande zote mbili, ya zamani ya Hilton Grand Vacations na yaliyokuwa ya Diamond. Kwa mnunuzi mpya hilo lilikuwa sehemu ya kifurushi. Mwanachama wa zamani wa Diamond, ambaye kampuni yake ndiyo iliyonunuliwa na ambaye pointi zake zilikuwa sehemu ya biashara iliyofanya muungano uwe na thamani, hakuingizwa humo moja kwa moja. Ilimbidi anunue zaidi au alipie kujiunga. Haki zake za zamani katika klabu yake ya zamani zilibaki. Hakunyang'anywa kitu, ila sakafu aliyosimama ikawa ghorofa ya chini kwa sababu nyingine ilijengwa juu yake.

Namna habari hiyo ilivyomfikia ndiyo ninayotaka izingatiwe kuliko yote, kwa kuwa hurudiwa katika sekta hii kila uongozi unapobadilika. Mwanachama akifika kwenye majengo kwa likizo, hualikwa kwenye kikao kinachoitwa cha taarifa kwa wamiliki. Anakwenda kwa nia njema, maana ni kweli kuna mabadiliko na ni kweli anahitaji taarifa. Anayempokea ni muuzaji anayelipwa kwa kamisheni, na taarifa na bidhaa hutolewa katika pumzi moja: uongozi mpya umekuja, mpango wako wa zamani unapitwa na wakati, hii ndiyo njia ya kujilinda. Sehemu kubwa ya mauzo ya kampuni za umiliki wa zamu hutoka kwa watu ambao tayari ni wanachama, na wasiwasi unaoletwa na mabadiliko ya uongozi ni msimu mzuri wa mavuno. Mwenye wiki yenye hati akishawishika kuibadilisha kwa pointi, huenda anaachia haki mahususi kwenye jengo mahususi, ile iliyomsitiri wakati wa ufilisi wa 2000, na kupokea ahadi ambayo kanuni zake huandikwa na kampuni.

Sheria humpa siku chache za kutafakari baada ya saini, na idadi yake hutegemea mahali: Nevada siku 5, Hawaii 7, Florida 10, na katika nchi za Umoja wa Ulaya 14. Mtu aliye likizoni hutumia siku hizo ufukweni. Akirudi nyumbani na kusoma alichosaini kwa macho makavu, dirisha mara nyingi limekwisha kufungwa, na maneno ya muuzaji hayamo ndani ya karatasi. Hili linawahusu pia ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya, ambao mara nyingi hununua kwa nia ya kuwakaribisha wazazi na jamaa kutoka nyumbani, kisha wakakuta kwamba visa ya mgeni haifuati ratiba ya kuhifadhi nafasi.

Mwanachama wetu wa mfano angeweza kufanya nini? Asingeweza kuzuia mauzo ya 2007, 2016 wala 2021, kwa kuwa kilichouzwa kilikuwa kampuni, na yeye hakuwa na hisa ndani yake. Alichokuwa nacho kilikuwa kura katika chama chake na haki ya kuona kumbukumbu zake. Katika vyama ambavyo wamiliki bado wana wingi wa kura, mkataba wa msimamizi una tarehe ya kumalizika, na tarehe hiyo ndiyo nafasi ya pekee ya kuzungumza naye kama mwajiri azungumzavyo na mwajiriwa. Katika mifuko ya pointi, ambamo kampuni ina kauli kubwa, nafasi hiyo ni finyu mno, na ushauri wa busara kwa aliyekwisha kumaliza mkopo wake ni kuuliza kwa maandishi, kila uongozi mpya unapoingia, kama mlango wa kurudisha pointi upo wazi na kwa masharti gani, huku akihifadhi jibu la maandishi.

Tarehe 17 Januari 2024 Hilton Grand Vacations ilikamilisha ununuzi mwingine, wa Bluegreen, kampuni nyingine ya umiliki wa zamu, kwa takriban dola bilioni 1.5 pamoja na madeni. Maelfu ya watu walionunua pointi zao chini ya jina hilo sasa wamesimama mahali alipokuwa mwanachama wa Diamond mwaka 2021, na mialiko ya vikao vya taarifa itawafikia wao pia. Hati zao zipo kabatini. Kabla ya kuitikia mwaliko huo, wazitoe na kutafuta humo majibu ya maswali matatu: pointi ambazo hazijauzwa zinapigiwa kura na nani, mkataba wa msimamizi unakwisha lini, na bodi inaweza kupitisha mchango wa kiasi gani bila kuwauliza wao.